Sweta la Kutoka Jandoni

Katika toleo lililopita tulichapisha maelezo mafupi na picha mbili kuhusu Laduma Ngxokolo, msanifu wa vitambaa na mavazi wa Afrika Kusini ambaye masweta yake yenye michoro ya shanga za Waxhosa yamefika mbali kuliko mji aliozaliwa. Barua zilizofuata zimekuwa nyingi, na zilizonigusa zaidi ni za vijana walio vyuoni na za mafundi wanaokula kwa jasho la mikono yao. Nimechagua nne, nikazifupisha bila kugusa maana, na kila moja nimeijibu kwa urefu ulioistahili.

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili wa ubunifu wa mavazi. Walimu wetu wote hutuambia turudi kwenye asili, kwa kuwa mwacha asili ni mtumwa. Nami nilikata gauni la kitenge, nikalizungushia shanga za Kimasai shingoni na mikononi, lakini nikapewa alama ndogo na kuambiwa kazi yangu haina wazo. Mimi ni Mluguru, si Mmasai, lakini shanga ni za Kiafrika. Nimesoma kwamba Laduma naye alichukua shanga za kabila lake akaziweka kwenye sweta, na dunia ikampigia makofi. Tofauti yetu iko wapi? Na yeye alianzaje, kwao walikuwa na uwezo? — *Mwanafunzi, Morogoro*

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nitaanza na swali lako la mwisho, kwa sababu jibu lake ndilo litakalolifungua hilo la kwanza.

Laduma alizaliwa mwaka 1986 katika mji wa bandari wa Port Elizabeth, ambao tangu mwaka 2021 jina lake rasmi ni Gqeberha. Hakulelewa katika utajiri. Alikuwa na mama, Lindelwa, aliyejua kufuma, na mama huyo ndiye aliyemkalisha kwenye mashine ya kufumia ya mkono na kumfundisha kuitumia alipokuwa bado kijana wa sekondari. Lindelwa hakuishi kuyaona masweta ya mwanawe yakivaliwa ng'ambo, lakini kila ninapoitazama kazi ya kijana huyu namwona mama yule nyuma yake, akimwonyesha jinsi ya kukaza uzi.

Shuleni alisoma usanifu wa vitambaa kama somo, kisha akauendeleza katika Chuo Kikuu cha Nelson Mandela Metropolitan, huko huko mjini kwao. Mji wenyewe unaishi na sufu. Kondoo wa merino na mbuzi wa Angora hufugwa katika nyanda kavu za bara, na mazao yao hufika Port Elizabeth kupimwa na kuuzwa. Afrika Kusini ndiyo inayoongoza duniani kwa mohair, yaani manyoya ya mbuzi hao, ikitoa takribani nusu ya mohair yote ya dunia. Kwa hiyo kijana huyu alikuwa na mashine, maarifa ya mama, shule na uzi bora usio mbali na mlango wake. Lakini wako wengi waliokulia katika mji ule ule, wakasoma katika chuo kile kile, wasiufikie ufumaji wa namna hii. Yeye alikuwa na swali, na swali hilo alilipata jandoni.

Waxhosa wana jando kama makabila mengi ya kwetu. Kijana hupelekwa mbali na nyumbani, hutahiriwa, hukaa huko majuma kadhaa chini ya uangalizi wa wakubwa, na siku ya kutoka, kibanda alicholala huchomwa moto pamoja na vitu alivyovitumia. Anarudi kwao akiitwa ikrwala, yaani mwanamume mpya, na kwa muda wa miezi sita hivi desturi inamtaka avae nguo mpya za heshima, ili kila amwonaye njiani ajue kwamba huyu ametoka jandoni juzi. Wazazi hujinyima ili wazinunue. Laduma alipopita njia hiyo aliona jambo ambalo wengine walikuwa wamekwisha kulizoea: nguo zilizohesabiwa kuwa za heshima zilikuwa za kigeni, zikiwemo masweta ya gharama yenye miraba iliyosimama kwa ncha, mchoro ambao asili yake ni Uskoti. Kijana aliingia katika utu uzima wa Kixhosa akiwa amevaa alama za watu wengine.

Kazi yake ya mwaka wa mwisho chuoni, mwaka 2010, ilikuwa kulijibu jambo hilo. Alijiuliza ikrwala angevaa sweta gani kama lingebuniwa na watu wake wenyewe. Akaziendea shanga za kale za Waxhosa, akasoma rangi zake na jinsi mistari yake inavyopanda na kushuka, kisha akaihamishia michoro hiyo kwenye vitanzi vya sufu na mohair ya nchini mwake. Mwaka huo huo kazi hiyo ilimpatia ushindi mjini London katika mashindano ya usanifu ya chama cha Society of Dyers and Colourists cha Uingereza, na kutokana nayo likazaliwa jina lake la biashara, MaXhosa. Alikuwa na umri wa miaka 24 tu.

Sasa rudi kwenye gauni lako. Wewe ulianza na pambo, ukatafuta mahali pa kulibandika. Yeye alianza na mtu aliyekosa nguo, tena mtu anayemjua kwa jina la hadhi yake, kwa umri wake, kwa miezi atakayoivaa nguo hiyo na kwa macho yatakayomtazama. Shanga zilikuja baadaye, kama jibu. Tena katika masweta yale shanga zenyewe hazimo. Kilichohama ni mpangilio wake, yaani rangi ipi inakaa kando ya ipi na mstari unakata kona wapi, na katika kuhama ukalazimika kubadilika, kwa sababu uzi una tabia yake na kioo kina tabia yake. Ukishona shanga juu ya kitenge, shanga hubaki shanga na kitenge hubaki kitenge, na mtazamaji huona vitu viwili vilivyokutana kwa bahati.

Mwalimu wako alikuwa na haki ya kudai wazo, ingawa nadhani ushauri wa kurudi kwenye asili ulikufikia nusu. Asili haikai dukani ikisubiri kununuliwa kwa mita au kwa kete. Wewe ni Mluguru, na kwenu milimani mwali hutolewa nje kwa ngoma. Je, siku hiyo huvaa nini? Nani huinunua nguo hiyo, na baada ya sherehe huwekwa wapi? Kipi ndani yake humbana, kipi humtia aibu, kipi hutamani kukivaa tena? Sisi wa Pwani tunayo kisutu, ile kanga ya nyekundu, nyeusi na nyeupe isiyohitaji jina lililoandikwa juu yake, kwa sababu kila aionaye anajua ni ya bibi harusi. Nguo ya namna hiyo hubeba kazi nzito kwa maneno machache sana. Kaa na bibi zako siku mbili tatu, sikiliza zaidi ya unavyouliza, chukua vipimo, ndipo ushike penseli. Mchoro utakaotoka huko unaweza usiwe na ushanga hata mmoja, na bado Mluguru yeyote atautambua.

SWALI: Mwalimu, nimeona kwamba Laduma alisoma pia London. Je, bila kwenda Ulaya mbunifu wa Kiafrika anaweza kutambuliwa? — *Kijana mbunifu, Arusha*

JIBU: Ni kweli kwamba alisoma shahada ya uzamili katika chuo cha Central Saint Martins, London, na hakuna sababu ya kukificha kisomo hicho, kwani kilimpanulia maarifa ya nyuzi na malighafi na kumkutanisha na watu. Angalia tu mfuatano wa mambo. Alikwenda huko akiwa tayari ana jina lake la biashara, ana michoro yake na anajua kwa nini anaichora. Swali alilotoka nalo Port Elizabeth ndilo lililomwongoza alipofika. Mwaka 2017, kazi yake ilipowekwa katika maonyesho ya mavazi ya Jumba la Makumbusho la Sanaa za Kisasa la New York, watu walichokwenda kukitazama ni kile kile alichokianza nyumbani. Nafasi ya kusoma nje ukiipata, nenda. Usipoipata, mashine na swali lako havijakukimbia.

SWALI: Mwalimu, assalamu alaykum. Mimi nauza leso hapa Mombasa, na mara moja moja nachora michoro yangu mwenyewe nikaipeleka kuchapwa. Nina mambo mawili. La kwanza, jando ni siri ya wanaume na ni jambo la heshima. Je, kuligeuza biashara si kuivunjia heshima mila? La pili, mtu akishatoa mchoro wake hadharani, siku mbili hazipiti utauona umechapwa ng'ambo kwa bei ya chini. Huyo bwana amejilindaje? — *Muuza leso, Mombasa*

JIBU: Waalaykum salaam, dada yangu. Maswali yako mawili yamekaa pamoja kama chanda na pete, maana yote yanauliza kilicho cha wote kinaishia wapi na cha mtu mmoja kinaanzia wapi.

Kuhusu la kwanza, tuweke mpaka mahali unapostahili. Yanayotendeka jandoni ni siri kweli, na Waxhosa huilinda siri hiyo kwa ukali usiopungua wa wazee wetu. Laduma hakuigusa. Hakuchora yaliyo ndani ya kibanda. Alibuni nguo inayovaliwa baada ya kibanda kuchomwa, wakati kijana anapotembea barabarani mchana kweupe ili aonekane. Shanga pia ni kitu cha hadharani: huvaliwa shingoni, kichwani, kiunoni, na tangu zamani zimekuwa zikimweleza mtazamaji kama mvaaji ni msichana, mke, kijana au mganga. Hata shanga zenyewe, zile za kioo, ziliwafikia Waxhosa kwa biashara kutoka Ulaya, wakazifanya zao kwa jinsi walivyozipanga. Kwa hiyo mila hiyo haikuwa imefungiwa sandukuni hata ije ivunjwe na sweta.

Lipo jambo linalonisumbua zaidi kuliko hilo la siri, nami nitalisema wazi. Masweta hayo ni ya bei ya juu. Sufu nzuri na mohair ni ghali, ufumaji wa rangi nyingi huchukua muda, na wafanyakazi wanapaswa kulipwa. Hayo yote nayaelewa na kuyatetea. Hata hivyo, mzazi wa kawaida kijijini ambaye mwanawe anatoka jandoni hawezi kulinunua sweta lililobuniwa kwa ajili ya mwanawe. Jambo hilo halimfanyi Laduma kuwa mwongo, kwa sababu wazo lake lilikuwa la kweli na limebaki la kweli, lakini ningefurahi kuona siku moja mtu, awe yeye au kijana aliyepita mikononi mwake, akiirudisha nguo ile kwa ikrwala wa kawaida kwa uzi wa bei nafuu. Nawe unayeuza leso unalijua hili vizuri. Leso ilienea Pwani nzima kwa sababu mwanamke wa hali ya chini aliweza kuinunua, akaivaa, akabebea mtoto, akamtunza nayo shoga yake.

Kuhusu la pili, mwaka 2018 yalimkuta hayo unayoyasema. Kampuni kubwa ya nguo ya Ulaya ilitoa soksi zilizokuwa na mchoro uliofanana mno na wake. Wanasheria wake wakaiandikia, na kampuni hiyo ikaziondoa soksi hizo madukani na kwenye mtandao wake. Wengi walilieleza jambo hilo kana kwamba Waxhosa wote walikuwa wameshinda, lakini msingi wa madai ya namna hiyo ni mwembamba kuliko unavyodhaniwa. Hakimiliki hulinda mchoro fulani, uliochorwa na mtu fulani, kwa mpangilio wake maalumu wa mistari na rangi. Haimpi mtu yeyote umiliki wa mtindo wa kale, iwe ni msanifu wa Kixhosa au kampuni ya Ulaya. Kama Laduma angenakili ushanga wa kale jinsi ulivyo, bila kuongeza wala kupunguza, angekuwa na mahali padogo sana pa kusimamia. Kumbe kule kuubadilisha mchoro ili ukubaliane na uzi, ambako nimekueleza kwa mwanafunzi wa Morogoro kama jambo la sanaa, ndiko pia kunakoufanya mchoro kuwa wake mbele ya sheria.

Wewe uliye Kenya una njia zaidi ya moja. Hakimiliki ya mchoro wako huanza pale unapouchora, lakini ithibitishe: weka karatasi za mwanzo zenye tarehe, pamoja na makosa yake na yale uliyoyafuta, kwa sababu mnakili huwa na mchoro uliokamilika tu na hana historia ya kuufikia. Mchoro mpya wa bidhaa unaweza pia kusajiliwa katika taasisi ya nchi yenu inayosimamia mali za viwandani, na ni vyema ufanye hivyo kabla hujauanika sokoni, maana upya ni sharti la usajili. Kwa michoro ambayo ni ya jamii nzima, Kenya ilitunga sheria mwaka 2016 ya kulinda maarifa ya jadi na tamaduni zinazodhihirika katika sanaa, na nchi za Afrika zilizo katika ARIPO, shirika la kikanda la mali bunifu, zilikwisha kupitisha itifaki juu ya jambo hilo mjini Swakopmund, Namibia, mwaka 2010. Kisheria tumepiga hatua, ingawa fundi wa kawaida bado hana mtu wa kumshika mkono hadi ofisini.

Tena, dada yangu, mji wako mwenyewe una mfano wa zamani kuliko sheria zote hizo. Kaisome tena pindo ya leso za nyumba ile kongwe ya biashara ya Mombasa iliyoanza mwaka 1887, iliyoandikwa kwa herufi ndogo: K.H.E., yaani Kaderdina Hajee Essak, Mali ya Abdulla. Wanunuzi wanaojua leso huitafuta alama hiyo kabla hawajausoma hata ujumbe. Nawe andika jina lako pindoni, kila leso, kila toleo, hata zikiwa jozi ishirini tu.

SWALI: Mwalimu, habari za kazi. Mimi ni mama wa watoto wanne, nafuma masweta ya shule kwa mashine ya mkono, mwaka wa 15 sasa. Shule zikifungua Januari napata kazi nyingi, lakini baada ya hapo mashine inakaa kimya. Nilipoziona picha za masweta ya huyo kijana nilisema hata mimi ninayo mashine. Nimechukua mchoro wa kikapu cha milulu, ile misumari inayopanda na kushuka, nikauchora kwenye karatasi ya hesabu ya mwanangu na kuufuma kwa rangi mbili. Umetoka mfupi, umelala kama umekaliwa, na kwa nyuma nyuzi zinaning'inia zinanasa vidole. Nimekosea wapi? — *Mfumaji wa masweta, Makambako*

JIBU: Mama, barua yako ndiyo iliyonifurahisha kuliko zote, na hujakosea, umekutana na jambo ambalo kila anayehamisha mchoro kutoka kitu kimoja kwenda kingine sharti akutane nalo. Mimi lilinikuta nilipojaribu kuufuma ua la korosho la kanga kwa mara ya kwanza. Kwenye karatasi lilikuwa korosho nzuri iliyopinda kichwa. Kwenye sufu likatoka limebonyea kama harage. Kipande hicho ninacho mpaka leo, na huwapa wanafunzi wakishike kabla sijawaeleza lolote.

Sababu ni hii. Miraba ya karatasi ya hesabu ni sawa kwa upana na kwa urefu, lakini kitanzi cha sweta ni kipana kuliko urefu wake. Chukua sweta mojawapo ya shule uliyokwisha kuifuma, ilaze juu ya meza bila kuivuta, weka rula, uhesabu. Tuseme umepata vitanzi 28 katika sentimita 10 za upana, na mistari 40, yaani safu za vitanzi, katika sentimita 10 za urefu, ambayo ni hesabu ya kawaida kwa uzi mwembamba na mashine kama yako. Mchoro wako wa miraba 24 kwa 24 utatoka na upana wa karibu sentimita 8 na nusu, lakini urefu wake utakuwa sentimita 6 tu. Ndiyo maana unasema umekaliwa. Ili urudi kuwa sawa pande zote, zile safu 24 zinapaswa kuwa 34. Usiongeze safu zote mahali pamoja. Zigawe, yaani baada ya kila safu mbili au tatu rudia moja, ukiangalia mahali ambapo ngazi ya mstari haitavunjika.

Shanga hazina tatizo kubwa namna hiyo, kwa kuwa ushanga ni kidonge kilichokaribia kuwa sawa kila upande. Laduma alipozitoa shanga katika nyuzi zake na kuzipeleka kwenye mashine ilimpasa kuhesabu upya kama unavyohesabu wewe, na nadhani kule kulelewa na mfumaji kulimsaidia zaidi hapo kuliko mahali pengine popote. Msanifu asiyejua kufuma huchora, akampa fundi, kisha akamlaumu fundi.

Nyuzi za nyuma nazo zina maelezo yake. Unapofuma rangi mbili katika mstari mmoja, rangi isiyotumika hupita nyuma ikisubiri zamu yake. Ikisubiri vitanzi vitatu au vinne, haina madhara. Ikizidi vitano hugeuka mtego wa vidole na vifungo, na tena hulivuta sweta likakunjana. Kwa hiyo tafuta michoro ambayo rangi hubadilishana mara kwa mara. Tazama shanga za Waxhosa utaona almasi ndogo ndani ya almasi kubwa, na mistari ya pembe iliyokatwakatwa. Michoro hiyo inaielekea mashine kana kwamba ilizaliwa kwa ajili yake. Misumari ya kikapu cha milulu ni mizuri pia, ila ile sehemu pana ya rangi moja katikati uivunje kwa nukta, kitanzi kimoja cha rangi ya pili kila baada ya vitanzi vitatu.

Kama mashine yako ni ya kadi zenye matundu, zile zinazoielekeza rangi ipi ifumwe wapi, huenda kadi yake ni ya vitanzi 24, na mchoro wako lazima uingie humo bila kubaki: upana wa 24, 12, 8, 6 na kuendelea kushuka. Sweta la mtu mzima la kifua cha sentimita 100 huhitaji mbele sentimita 50, yaani vitanzi 140 kwa hesabu yetu ile ya juu. Anza na 144, mchoro ujirudie mara sita kamili, na pande mbili zikutane vizuri ubavuni. Sentimita moja na nusu inayozidi haitamsumbua mtu.

Rangi unazo tayari. Mabaki ya nyuzi za sare, yaani bluu nzito, damu ya mzee, kijani na kijivu, ni rangi tulivu zinazopendana. Kwenye kila mstari tumia mbili tu, lakini si lazima ziwe zile zile tangu chini hadi juu; kila baada ya safu sita au nane badilisha moja, na sweta litaonekana la rangi nne ilhali mkono wako haukushika zaidi ya mbili kwa wakati mmoja.

Kisha, kabla hujafuma sweta zima, mfikirie atakayelivaa. Huko kwenu upepo wa Makambako hauna huruma, na kila mwaka vijana wa kipaimara huvalishwa nguo mpya ambazo wazazi wamezitafuta kwa shida, nyingi zikiwa nyepesi na zimetoka mbali. Sijui kama mtu yeyote amewahi kuwafumia sweta la siku hiyo. Waulize wazazi wawili watatu hapo mtaani, na uwaulize vijana wenyewe pia, maana wao ndio watakaolivaa au kulificha chini ya godoro.

Kwa sasa fuma kipande kidogo cha vitanzi 48 na safu 68, ili mchoro ujirudie mara mbili kila upande. Kifue kwa maji ya uvuguvugu bila kukisugua, hasa kama uzi ni wa sufu, kwa sababu sufu ikisuguliwa katika maji ya moto hushikana na kusinyaa isirudi tena; kianike kikiwa kimelala, kisitundikwe. Kikikauka kipime upya kwa rula, kwa kuwa vipimo vya kabla ya kufua na vya baada ya kufua mara nyingi havilingani. Kama upana na urefu vimekaribiana, toboa kadi yako. Kama bado umelala, ongeza safu mbili kwa kila mchoro, ufume kipande kingine.